Kwa Mama Fulani: Kilabu cha Mtaa kama Alama ya Jamii Mjini Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Katika riwaya nyingi za Kiswahili, mlango wa baa ni mlango wa anguko. Zakaria, babake Rosa katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ni mlevi ambaye unywaji wake unaiangamiza nyumba yake mwenyewe. Maimuna wa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, aliyelelewa katika nyumba ya ukali na kufungiwa, anapotoroka huishia katika maisha ya baa. Wanafunzi wa Kiswahili wamefunzwa kuyasoma mandhari hayo kama ishara: pombe ni uharibifu, na anayeiuza ni mshiriki wa uharibifu huo.

Makala haya hayakusudii kulikanusha funzo hilo. Madhara ya ulevi yapo, nayo yatajadiliwa hapa chini. Yanachokusudia ni kueleza historia nyingine ya mahali hapo pamoja, ambayo uhakiki wetu umeiacha kando: historia ya umiliki. Nani aliruhusiwa kuuza kinywaji? Nani aliuza bila kuruhusiwa? Na kwa nini nyumba yake, isiyo na bango wala hati ya ardhi, ikawa alama ambayo mtaa mzima huitumia kuelekezana njia?

Maswali haya yataangaliwa kwa kurejelea miji miwili ya Kaunti ya Turkana, Lodwar na Kakuma. Hoja ya makala ni kwamba katika miji hii kilabu cha mtaa kimekuwa alama ya jamii kwa sababu ndiyo njia mojawapo ambayo mtu asiye na mifugo, kazi ya mshahara wala ardhi yenye hati aliweza kuwa mwenyeji wa mji, akaitwa mwenye mahali. Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi wa jambo hilo, na ndiyo maana mada hii inawahusu wanafunzi wa lugha na fasihi, si wanahistoria peke yao.

Istilahi: baa, kilabu na kihusishi "kwa"

Ni muhimu kwanza kutofautisha majina. Katika Kiswahili cha Kenya, "baa" ni nyumba inayouza bia ya chupa, yenye kaunta, kreti zilizopangwa na leseni iliyotundikwa ukutani. "Kilabu", ingawa asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya chama au ukumbi wa wanachama, kimekuja kumaanisha mahali pa kunywea pombe ya kienyeji, hususan busaa. "Mama pima" ni mwanamke anayeuza chang'aa, na jina lake limetokana na tendo la kukipima kinywaji kwa kikombe au glasi. Katika pwani ya Kenya wanywaji wa tembo la mnazi huenda "mangweni", na anayelitoa tembo mtini ni mgema, ambaye methali imemhifadhi: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ni ya maadili, lakini pia ni ya biashara. Inamchukulia mgema kama mtu anayejulikana, mwenye wateja wanaomsifu na ambao anaweza kuwapunja. Ni mtu wa hadhara.

Nyumba nyingi za kunywea pombe ya kienyeji hazina jina rasmi. Huitwa kwa mmiliki: kwa Mama fulani, yaani kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama ilivyo desturi ya heshima nchini Kenya. Muundo huu unastahili kuangaliwa kisarufi. "Kwa" katika matumizi haya ni muungano wa kiambishi cha mahali ku- na -a unganifu. Kwa hiyo "kwa Mama fulani" kisarufi ni "mahali pa Mama fulani". Ni tamko la umiliki. Mwenye nyumba anaweza kukosa leseni, akakosa hati ya kiwanja, akawa hata hatambuliwi na baraza la mji. Lakini kila anayesema "tukutane kwa Mama fulani" amekwisha kumtambua.

Muundo huu si wa Turkana pekee. Jijini Nairobi mitaa ya Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben inabeba majina ya watu, na mjini Mombasa kuna Kwa Jomvu. Kwanza mtu huwa na mahali. Kisha mahali hubeba jina la mtu hata asipokuwepo tena. Hivyo ndivyo alama ya jamii inavyozaliwa katika lugha, kabla ya kuandikwa katika ramani yoyote.

Kabla ya kilabu

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kilabu cha pombe ni mila kongwe ya Waturkana. Uchumi wa mfugaji ulitegemea maziwa, damu na nyama, na mtama ulilimwa hasa kandokando ya mito Turkwel na Kerio. Pombe ya mtama, ambayo Waturkana huiita ngagwe, ilihitaji nafaka na maji, vitu viwili ambavyo nchi kavu haivitoi kwa wingi. Kwa hiyo ilikuwa kinywaji cha msimu na cha tukio, wala haikuwa biashara ya kila siku.

Kilichokuwa cha kila siku ni mti. Wanaume wa kambi za jirani walikutana chini ya mti wenye kivuli wakazungumzia malisho, maji, ndoa, uvamizi na mali. Mti huo ulikuwa wa wanaume. Kilabu cha mjini kilirithi kazi nyingi za mti huo, yaani kukaa, kusikia habari na kutatua ugomvi, lakini kwa tofauti moja kubwa. Kivuli cha kilabu kina mmiliki, na mmiliki huyo kwa kawaida ni mwanamke.

Ukoloni na swali la nani auze

Lodwar ni mji uliokua kutokana na kituo cha utawala na biashara. Hadi 1926 sehemu kubwa ya Turkana ilihesabiwa kuwa ya Uganda, chini ya Jimbo la Rudolf. Mwaka huo ikahamishiwa Kenya. Eneo lote la kaskazini liliwekwa pia chini ya sheria za wilaya zilizofungwa, zikiwemo za 1902 na 1934, ambazo ziliwazuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Ndiyo maana utawala uliona Lodwar panafaa kumweka Jomo Kenyatta kati ya 1959 na 1961, baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Hadi leo wapo wakazi ambao, wakisafiri kwenda Kitale au Nairobi, husema wanakwenda "Kenya".

Katika mji wa namna hiyo, uuzaji wa kitu chochote ulikuwa wa kibali. Na uuzaji wa pombe ulikuwa na vikwazo vyake zaidi. Kampuni ya bia ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa ya Kizungu hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa ajili yake serikali za miji ziliazima mpango kutoka Durban, Afrika Kusini, ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mpango huo halmashauri ya mji hujitwalia ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya Waafrika katika kumbi zake yenyewe, na faida huingia katika mfuko wa kuwatawalia. Nairobi ilikuwa na ukumbi wa namna hiyo katika mtaa wa Pumwani tangu miaka ya 1920. Mwanamke aliyepika nyumbani kwake akageuzwa mhalifu, si kwa sababu pombe yake ilikuwa mbaya kuliko ya halmashauri, bali kwa sababu alikuwa mshindani.

Wanawake walilielewa jambo hilo vizuri. Mwezi Juni 1959, huko Cato Manor mjini Durban, wanawake walizivamia kumbi za pombe za halmashauri wakazifunga na kuwafukuza wanaume waliokuwa wakinywa humo. Wengi wao walikuwa wapikaji waliokuwa wamenyang'anywa riziki. Tukio hilo lilitokea mbali sana na Turkwel, lakini linatupa ufunguo wa kuisoma historia ya Kenya: mgogoro juu ya kilabu tangu mwanzo ulikuwa juu ya nani anufaike nacho.

Baada ya uhuru, Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 ilisaidia kuihamisha biashara ya rejareja kutoka mikononi mwa wasio raia kwenda kwa raia. Katika miji mingi ya Kenya baa ilikuwa mojawapo ya biashara za mwanzo ambazo Mwafrika aliweza kuzimiliki waziwazi, chini ya bango lenye jina lake. Hata hivyo, katika Turkana uhamisho huo ulikuwa na hatua mbili. Mwenye mtaji wa kufungua baa ya bia ya chupa mara nyingi alikuwa mfanyabiashara Mwafrika aliyetoka kusini. Mturkana wa kawaida, hasa mwanamke, aliingia katika biashara hiyo kupitia mlango mwingine, nao ni mlango wa njaa.

Lopiar na sheria ya 1980

Kati ya 1979 na 1981 Turkana ilipatwa na ukame mkali ulioambatana na maradhi ya mifugo na uvamizi. Wenyewe waliuita Lopiar. Maelfu ya familia zilipoteza mifugo yote, zikakimbilia kambi za chakula cha msaada na kandokando ya miji. Mitaa ya pembeni mwa Lodwar, kama vile Nakwamekwi, Napetet na Kanamkemer, haiwezi kuelezwa bila kutaja mawimbi ya watu waliokuja mjini kwa sababu hawakuwa na cha kuchunga.

Mwanamke aliyefika mjini bila mbuzi alikuwa na njia chache: kuchoma makaa, kusuka vikapu vya mkoma, kuteka maji ya wengine, au kupika pombe. Upishi wa busaa ulimfaa kwa kuwa hauhitaji mtaji mkubwa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia. Halafu huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena uchemke wenyewe kabla ya kuchujwa. Chang'aa huhitaji hatua ya ziada ya kuivukiza. Machicha hayatupwi: hulishwa mbuzi na kuku, na wakati wa njaa hata watoto wameyala, jambo linalojulikana sana katika Karamoja jirani. Kwa ufupi, mahindi ya msaada yaliyopitia mikononi mwa mpikaji yalitoa fedha na lishe kwa pamoja.

Hapa ndipo historia inapokutana kwa ukatili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilivifunga vilabu vya busaa, na mwaka 1980, katikati ya Lopiar, Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Ina maana kwamba katika kipindi kilekile ambacho mwanamke wa Turkana alisukumwa mjini na kubakiwa na upishi kama riziki, upishi huo ulifanywa kosa la jinai. Sheria hiyo ilidumu miaka 30, hadi ilipofutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010.

Miaka hiyo 30 ndiyo iliyokifanya kilabu kuwa kama kilivyo. Hakikuwa na bango kwa sababu bango lingemwita askari. Kilijificha nyuma ya ua wa miti ya miiba, na kikategemea kujulikana kwa mdomo. Mteja alihitaji kuaminiwa, na mwenye nyumba alihitaji kulindwa na majirani. Uhusiano wa kilabu na mtaa ukawa wa kufichiana siri, na nyumba ambayo mtaa mzima unaificha ni nyumba ambayo mtaa mzima unaijua. Kwa njia hii, sheria iliyokusudia kukifuta kilabu ilikisaidia kuwa alama.

Wakati huohuo barabara ilibadilisha mji. Barabara ya lami ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1980, kabla ya Kenya kuvunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1990. Madereva wa malori, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa mashirika walileta wateja wa bia ya chupa. Mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwezi Machi 2012, na serikali ya kaunti ilipoanza kazi mwaka 2013, Lodwar ikapata hoteli na baa ambazo kizazi cha Lopiar hakikuziota. Miji miwili ya unywaji ikaishi ubavuni mwa mwenzake: ule wa kaunta na ule wa "kwa".

Kakuma: mwenye biashara asiye na ardhi

Yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kando ya lagha ya Tarach, uko mji wa Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan ya Kusini walipowasili kwa miguu baada ya kuihama Ethiopia. Waethiopia waliokimbia baada ya kuanguka kwa utawala wa Mengistu mwaka 1991 walifuata, kisha Wasomali, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda.

Kambini swali la umiliki linakuwa kali zaidi. Mkimbizi hawezi kuimiliki ardhi aliyoijengea. Kwa miaka mingi hakuweza pia kutoka nje ya kambi bila kibali, wala kuajiriwa kwa urahisi. Alichoweza kumiliki ni biashara. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kambi na mji wa Kakuma kwa pamoja vilikuwa na biashara zaidi ya 2,000 na soko lenye thamani ya dola milioni 56 za Marekani kwa mwaka. Miongoni mwa biashara hizo, mikahawa ya Waethiopia katika Kakuma 1 ilipata sifa mapema. Ilikuwa mahali penye injera, kahawa iliyokaangwa mbele ya mteja na bia baridi, ambapo mkimbizi, Mturkana na mfanyakazi wa shirika waliketi chini ya paa moja. Katika sehemu za Wasudani, wanawake walipika pombe kutokana na mtama wa mgao.

Mgao wenyewe una hadithi yake katika lugha. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya msaada kwa njia ya simu, kwa jina la Bamba Chakula. "Bamba" ni neno la mtaani lenye maana ya kushika au kunasa, na mpango mzima wa kimataifa ukabatizwa kwa Kiswahili cha vijana. Nafaka ya mgao ilipopungua, malighafi ya mpikaji nayo ilipungua, na bei ya kikombe ikawa kipimo cha hali ya kambi.

Biashara hizi zimewaunganisha pia wakimbizi na wenyeji. Mwanamke wa Kiturkana huleta kuni na makaa. Mpikaji wa kambini humlipa kwa nafaka, pombe au fedha. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi bila mwenzake. Uhusiano huo una ugomvi ndani yake, lakini ni wa kila siku, na umekuwepo kabla ya makazi ya Kalobeyei kuanzishwa katikati ya miaka ya 2010 kwa lengo la kuwaweka wakimbizi na wenyeji pamoja, kabla ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na kabla ya Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025. Neno "shirika" katika mpango huo linamaanisha kushirikiana. Kilabu kilikuwa kikilitenda jambo hilo kabla halijapewa jina.

Kazi za kilabu katika mtaa

Ni kazi zipi, basi, zinazokifanya kilabu kuwa alama ya jamii wala si duka tu la kinywaji? Tunaweza kutaja nne.

Kwanza ni mkopo. Mwenye kilabu huweka daftari la madeni, au huyaweka kichwani. Anayemdai mtu hadi mwisho wa mwezi anajua nani amelipwa mshahara, nani ameuza mbuzi, na nani amefukuzwa kazi. Aidha, wanawake wapikaji huwa na vyama vyao vya kuchanga na kupokezana fedha, ambavyo hulipa karo za watoto wao. Karo hiyo ni jambo zito. Wako watoto waliosoma hadi chuo kikuu kwa fedha za kikombe, na ni nadra kulisema jambo hilo hadharani.

Pili ni habari. Kabla ya simu za mkononi kuenea, ujumbe wa mtu aliyekwenda malishoni au Kitale uliachwa kwa mwenye kilabu. Tangazo la msiba na mchango wa mazishi hupita humo hata sasa.

Tatu ni usuluhishi. Ugomvi wa majirani huzungumzwa mbele ya watu wazima walioketi, kama ulivyozungumzwa chini ya mti. Hata hivyo mwenye nyumba ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu anaweza kumkataza mtu kuingia. Katika jamii ambamo mwanamke hakuketi katika mti wa wanaume, mamlaka haya si madogo.

Nne ni lugha. Hili linatuhusu zaidi. Katika soko moja la Kakuma mtu anaweza kusikia kinywaji kikiitwa ngagwe kwa Kiturkana, marisa kwa Kiarabu cha Sudan, tella kwa Kiamhari, masanga kwa Kilingala cha Mkongo, na busaa kwa Kiswahili cha Kenya. Vinywaji hivyo havifanani vyote, na majina yao hayatafsiriki moja kwa moja. Mazungumzo ya bei, ya deni na ya utani kati ya wasemaji hao mara nyingi hufanyika kwa Kiswahili: Kiswahili cha Mkongo kikikutana na cha Mturkana aliyekisoma shuleni na cha Msudani aliyejifunza sokoni. Tunapozungumzia kuenea kwa Kiswahili kaskazini mwa Kenya huwa tunataja shule, redio na jeshi. Kilabu hatukitaji, ingawa humo ndimo mtu mzima ambaye hakuingia darasani hujifunza kuhesabu, kuomba, kukataa na kutania kwa lugha hii.

Madhara na mipaka ya hoja

Haifai kukipamba kilabu. Fedha ya kikombe mara nyingi ni fedha iliyotoka katika chakula cha watoto wa mnywaji. Wanawake na wasichana wamedhulumiwa ndani na nje ya vilabu, na wapigaji wa wake zao wengi hutokea humo. Mpikaji mwenyewe huishi kwa hofu ya msako na hutozwa hongo, na mzigo huo huuhamishia bei au ubora. Pombe ya kuvukizwa inaweza kuua. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi, katika mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa kinywaji cha bei rahisi kilichochanganywa na kemikali ya methanoli.

Lakini tukio hilohilo linatoa funzo la pili. Kemikali ya kiwandani huingia katika kikombe pale ambapo biashara inafanywa kwa siri, kwa haraka na kwa ajili ya wateja wasiomjua mtengenezaji. Mpikaji anayekaa mtaa mmoja na wateja wake, ambaye watoto wake wanasoma na watoto wao, ana sababu ya kuwa mwangalifu. Umiliki wa mtaani hauondoi madhara ya pombe, lakini humfanya muuzaji awajibike kwa watu wanaojua kwake.

Kilabu katika fasihi: kurudi kwenye swali la umiliki

Tukirejea fasihi tukiwa na historia hii, tunaona kwamba baadhi ya waandishi waliligusa suala la umiliki. Katika Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Abdulla, aliyepoteza mguu katika vita vya uhuru, ana duka lenye baa katika kijiji cha Ilmorog. Humo ndimo wahusika hukutana na historia yao husimuliwa. Kinywaji cha asili cha Theng'eta, kilichoanza kama kinywaji cha sherehe na cha kukumbukia, huwa biashara ya Wanja na Abdulla, kisha hutwaliwa na matajiri wanaokigeuza kiwanda. Msiba wa kijiji hautokani na watu kunywa. Unatokana na kunyang'anywa mahali pao.

Mambo hayo yamewahi kutokea mbali na Ilmorog ya kubuni. Katika mtaa wa Bronzeville jijini Chicago, baa ya Palm Tavern ilifunguliwa mwaka 1933 na ikawa mojawapo ya alama za maisha ya Wamarekani Weusi wa mtaa huo. Mwaka 1956 ilinunuliwa na Gerri Oliver, mwanamke Mweusi, ambaye aliiendesha kwa zaidi ya miaka 40 hadi jiji lilipoitwaa na kuifunga mwaka 2001 kwa mipango ya kuustawisha mtaa. Ukiritimba wa Durban, marufuku ya Kenya na ustawishaji wa Chicago vinatofautiana kwa nia na kwa sheria. Vinalingana kwa jambo moja: kila mara mwenye mahali alitazamwa kama kizuizi cha mpango wa mwingine.

Kwa mtazamo huu, mhakiki wa riwaya ya Kiswahili anaweza kuuliza maswali mapya. Baa iliyomo katika Utengano ni ya nani? Nani anapata faida ya ulevi wa Zakaria? Je, mwandishi amempa muuzaji jina, au amemwacha kuwa kivuli nyuma ya kaunta? Maswali hayo hayaondoi maadili katika fasihi. Yanayapeleka maadili hadi kwenye uchumi.

Hitimisho

Makala yameeleza kwamba kilabu cha mtaa mjini Lodwar na Kakuma kilitokana na kukutana kwa mambo matatu: sheria za kikoloni zilizofanya uuzaji wa pombe kuwa suala la rangi na kibali, ukame wa 1979 hadi 1981 uliowaleta wanawake wasio na mifugo mjini, na kambi ya 1992 iliyowaleta watu waliokatazwa kumiliki ardhi lakini wakaweza kumiliki biashara. Imeonyeshwa pia kwamba kukubalika kwa nyumba hizo na jamii kumehifadhiwa katika muundo mdogo wa lugha, yaani "kwa" pamoja na jina la mtu.

Suala hili lina uzito wa leo. Katiba ya 2010 iliweka utoaji wa leseni za vileo chini ya kaunti. Sasa uamuzi wa nani auze mjini Lodwar ni wa kaunti yenyewe. Kaunti inaweza kuandika masharti ambayo ni mwenye mtaji wa hoteli pekee anayeyamudu, na hapo itakuwa imeurudia mpango wa Durban kwa mikono ya Waafrika. Inaweza pia kumwekea mpikaji masharti ya usafi na usalama ambayo anaweza kuyatimiza, na kumtoa nyuma ya ua wa miiba.

Kwa upande wetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa upishi, wa vipimo, wa mikopo na wa vinywaji unaotumika katika miji hii, kwa kuwa kamusi zetu zimeegemea pwani na haziujui. Ya pili ni kurekodi masimulizi ya wanawake waliopika tangu enzi za Lopiar, kwa ridhaa yao na kwa kuyaficha majina yao, maana wengi wao bado hawana leseni. Nyumba aliyowekwa Kenyatta mjini Lodwar inajulikana na huonyeshwa wageni. Kwa Mama fulani, hatua chache tu kutoka hapo, wageni hawapelekwi, ingawa jirani yeyote anaweza kuwaonyesha njia. Wazee wa kizazi cha Lopiar wanazidi kupungua, na wakiondoka kabla ya kusikilizwa, majina hayo ya mahali yatabaki bila mtu wa kueleza yalikuwa ya nani.